Sura ya 5: Nani Anapanga Bei ya Mega?

Ukikaa kidogo kwenye meza ya muuza initi, yaani salio la simu, mjini Butembo, swali hili litakufikia kabla hujaondoka. Mjini Beni atakuuliza mwanafunzi anayesoma kwa simu, au mfanyabiashara anayechagua bidhaa za Guangzhou kwa picha za WhatsApp. Kampuni kubwa za simu ni tatu, Vodacom, Airtel na Orange, na kila moja inajisifu kuliko nyingine. Mbona basi bei ya mega haishuki? Na kama Serikali ina ofisi ya kusimamia simu, ofisi hiyo inasimamia nini?

Wengi wana majibu mawili tayari: kampuni zina tamaa, au Kinshasa imetusahau. Hata tukiyakubali yote mawili, bado hayatuelezi kwa nini bei hupanda mwaka huu na si mwaka jana, wala kwa nini nchi jirani inauza kwa bei tofauti. Sura hii inajenga hoja moja. Sehemu kubwa ya bei ya mega huamuliwa kabla mega haijafika kwa muuzaji, na mdhibiti ana nguvu zaidi huko juu kuliko kwenye bei unayoiona kwenye simu.

Maneno matano ya kuanza nayo

- *Mega* ni kipimo cha intaneti unayotumia. Mega elfu moja na kidogo ni giga moja. Ujumbe wa maandishi hutumia sehemu ndogo sana ya mega, video hula mega kwa makumi.
- *Forfe* ni kifurushi: kiasi fulani cha mega kwa bei fulani, kwa muda fulani.
- *Masafa* ni nafasi za hewani ambamo mawimbi ya simu hupita. Ni mali ya taifa, na kampuni hulipa ili kuyatumia.
- *Mkongo* ni waya wenye nyuzi nyembamba za kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga, chini ya ardhi, juu ya nguzo au chini ya bahari.
- *Mdhibiti* ni mamlaka inayotoa leseni, kugawa masafa na kuweka kanuni. Kongo mdhibiti ni ARPTC, iliyoundwa kwa sheria ya Oktoba 2002. Sheria mpya ya mawasiliano ilitiwa saini tarehe 25 Novemba 2020.

Safari ya mega hadi Butembo

Butembo ni mji wa wafanyabiashara, kwa hiyo hesabu hii haihitaji mwalimu. Bei ya mfuko wa saruji mjini haitokani na saruji peke yake. Ndani yake kuna meli, bandari ya Mombasa, lori lililovuka Uganda, forodha ya Kasindi mpakani, vizuizi vya njiani, na faida ya kila mkono ulioupokea mfuko. Maduka kumi yakipangana mtaa mmoja, bado hakuna litakaloweza kuuza chini ya gharama ambayo saruji ilifika nayo Kasindi.

Mega nayo husafiri. Video unayoitazama Beni mara nyingi imehifadhiwa kwenye kompyuta kubwa za mbali. Inapita chini ya bahari, inatua pwani, inavuka nchi kavu kwa mkongo, inafika kwenye mtambo wa kampuni, kisha mnara unairusha hadi simu yako. Kila hatua ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana bei.

Pwani zinazotuhusu ni mbili. Mashariki kuna Mombasa, ambako mikongo ya bahari ya SEACOM na TEAMS ilianza kazi mwaka 2009. Magharibi kuna Muanda, mlango wa bahari wa Kongo yenyewe, ambako mkongo wa WACS ulizinduliwa Julai 2013. Ukipima kwa mstari ulionyooka, Butembo iko kama kilomita 1,250 kutoka Mombasa, na kama 2,000 kutoka Muanda. Kwa barabara tofauti ni kubwa zaidi, maana upande wa magharibi kuna msitu na mito mikubwa.

Hapa ndipo sheria inapoingia kwenye bei. Sheria ya 2002 ililiweka jukumu la mtandao wa msingi, yaani ile njia kuu inayounganisha miji, mikononi mwa shirika la umma, ambalo leo linaitwa SCPT. Njia kuu ikiwa ya mmoja na akachelewa kuijenga, kampuni zote hubaki na njia za gharama kubwa. Kwa miaka mingi kampuni za mashariki zilitegemea setilaiti, au minara inayorushiana mawimbi kutoka kilima hadi kilima. Njia hizo hufanya kazi, lakini hupitisha kidogo kwa bei kubwa. Nani ana ruhusa ya kutandika mkongo kutoka Kasindi hadi Beni, Butembo na Lubero, nani anaweza kukodi nafasi ndani yake, na kwa bei gani: haya ni maamuzi ya mdhibiti na ya waziri, na yanaigusa bei ya forfe yako kuliko bango lolote la barabarani.

*Kwa ufupi:* kampuni tatu zikinunua intaneti ya jumla kwa muuzaji mmoja, unaona washindani watatu lakini gharama yao ni moja.

Mnara unaokunywa mafuta

Hatua ya mwisho, mnara, ina hesabu yake. Mnara unahitaji umeme usiku na mchana. Pale ambapo umeme wa gridi haufiki au hukatika, kampuni huendesha jenereta au sola na betri. Jenereta inahitaji mafuta, mafuta yanahitaji barabara, na barabara inahitaji usalama.

Fikiria minara miwili. Mmoja uko katikati ya Butembo, umezungukwa na maelfu ya simu. Mwingine uko upande wa Eringeti, ambako mashambulizi ya waasi wa ADF yamewafanya watu wahame vijiji vyao mara kwa mara. Vyuma na mitambo vinaweza kuwa na bei ileile, lakini wa pili unapata wateja wachache, na fundi wake huenda akasubiri msafara ndipo aende kuutengeneza. Kampuni ikiachwa ichague yenyewe, itajenga mitatu mjini na kuacha kijiji bila hata mmoja.

Mdhibiti ana njia tatu za kubadilisha hesabu hiyo:

1. *Sharti la leseni.* Anayepewa masafa anaahidi kufikisha mtandao mahali fulani kwa muda fulani. Ahadi isiyokaguliwa hubaki karatasi.
2. *Kushirikiana minara.* Badala ya kila kampuni kusimamisha mnara wake kilimani, zinapanga kwenye mmoja. Helios Towers hufanya biashara hiyo Kongo: inamiliki minara na kuikodisha. Mwaka 2025 Orange na Vodacom nazo zilitangaza mpango wa kujenga pamoja vituo vya vijijini vinavyotumia nguvu ya jua.
3. *Mfuko wa huduma kwa wote.* Kampuni zinachangia, na fedha zinatumika kupeleka mtandao pasipo na faida. Kongo mfuko huo unaitwa FDSU.

Njia ya pili ina tahadhari yake. Washindani wakishirikiana nguzo na jenereta, mteja anafaidika. Wakianza kushirikiana pia mipango ya bei, mteja ameumia. Kazi ya mdhibiti ni kuruhusu la kwanza na kulichunga la pili.

Kodi iliyojificha ndani ya initi

Ukinunua initi za faranga 5,000, si zote zinazokwenda kwa kampuni. Kodi ya ongezeko la thamani, TVA, ilianza Kongo mwaka 2012 kwa asilimia 16. Kama bei ya 5,000 tayari ina TVA ndani yake, karibu faranga 690 ni za Serikali. Bado kuna ushuru maalumu wa huduma za simu, ada ya masafa na ada ya leseni. Hizi za mwisho mteja hazioni, lakini ndiye anayezilipa.

Kuna moja iliyoonekana wazi, nayo ni RAM, daftari la vifaa vya simu. Ilianza Septemba 2020 kwa hoja ya kupambana na simu bandia na za wizi. Mwenye simu ya kawaida alitozwa dola 1 kwa mwaka, mwenye simu ya 3G au 4G dola 7. Pesa zilikatwa kwenye initi zake, kidogo kidogo. Mtu aliweka initi za kununulia mega, akakuta zimepungua kabla hajapiga simu. Wananchi walilalamika, vijana wa harakati ya Lucha waliandamana, wabunge walimhoji waziri, na mapema mwaka 2022 RAM ikafutwa.

RAM inafundisha jambo moja. Tozo ya kiwango kimoja humwumiza zaidi mwenye kipato kidogo. Dola 7 kwa mfanyabiashara anayekwenda Dubai ni nauli ya pikipiki ya siku chache. Kwa mkulima wa Mangina mwenye simu ya 3G aliyonunua kwa mkono wa pili, ni mega za wiki nyingi.

*Kwa ufupi:* Serikali yenyewe ni mmoja wa wapangaji wa bei ya mega, hata pale inapozikemea kampuni kwa kuuza ghali.

Mdhibiti akiishika bei moja kwa moja

Wengi wetu tunapodai hatua tunadai jambo moja: mdhibiti aziamuru kampuni zishushe bei. Tuone kwanza yaliyotokea bei ilipopanda hapa kwetu, kisha mahali ambapo mdhibiti aliigusa.

Aprili 2016 Orange ilikamilisha kuinunua Tigo, na washindani nchini wakapungua kwa mmoja. Katikati ya mwaka huohuo bei za intaneti ya simu Kongo zilipanda ghafla. Ripoti za wakati ule zilitaja ongezeko la hadi asilimia 500 kwa baadhi ya vifurushi. Hatuwezi kudai kwamba ununuzi ule ndio uliopandisha bei. Tunachoweza kusema ni kwamba mteja aliyekasirika hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu kampuni kubwa zilipandisha kwa kipindi kimoja. Soko la wachache huwa hivyo: hata bila kikao cha siri, kila mmoja anamtazama mwenzake na kumfuata.

Tanzania mwaka 2021 ilijaribu kuishika bei yenyewe. TCRA, mdhibiti wa huko, iliweka mipaka ya bei ya mega moja: isiwe chini ya shilingi 2.03 wala juu ya shilingi 9.35. Vifurushi vipya vilipoanza tarehe 2 Aprili, watumiaji walikuta mega zimepungua kwa fedha ileile. Kelele zilikuwa kubwa hata mabadiliko yakasitishwa siku hiyohiyo. Dari ya bei iliwekwa ili kumlinda mteja, lakini aliyekuwa akinunua karibu na sakafu hakuhisi ulinzi wowote.

Utauliza, sakafu ya nini? Nani anamkataza mtu kuuza rahisi? Sababu yake ni hii: kampuni tajiri inaweza kuuza kwa hasara kwa miezi kadhaa mpaka mdogo afilisike, kisha ikapandisha bei ikiwa imebaki peke yake. Sakafu humlinda mdogo. Lakini ikiwekwa juu mno, inawalinda wote dhidi ya mteja.

Mdhibiti akiigusa bei ya jumla

Kenya mwaka 2010 ilikwenda kwa njia nyingine. Mpigaji wa kampuni moja anapompigia mtu wa kampuni nyingine, kampuni ya kwanza huilipa ya pili ada ya kupokea simu hiyo. Ada ikiwa kubwa, kampuni ndogo huumia, kwa kuwa wateja wake wengi wanapiga nje. Agosti 2010 mdhibiti wa Kenya aliipunguza ada hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Bei ya mteja hakuigusa hata kidogo. Zain, ambayo leo ni Airtel, ilishusha mara moja bei ya dakika hadi shilingi 3 kwa mitandao yote, na Safaricom ikalazimika kufuata. Mteja wa Nairobi alipata nafuu ambayo hakuna agizo lililomtamkia.

Hadithi ile ina upande wa pili. Vita vya bei viliwachosha wadogo. Yu, mtandao wa kampuni ya Essar, uliondoka sokoni mwaka 2014, na mali zake zikagawanywa kati ya Safaricom na Airtel. Ushindani mkali usiochungwa unaweza kumaliza washindani.

Somo la Kenya lilihusu dakika za simu, lakini linaingia vizuri kwenye mega. Kinacholingana na ile ada ya kupokea simu, kwa Butembo, ni bei ya jumla ya mkongo na kodi ya mnara. Mdhibiti akihakikisha kwamba yeyote mwenye leseni anaweza kukodi njia ya Kasindi–Butembo kwa bei iliyotangazwa na iliyo sawa kwa wote, atakuwa amefanya zaidi kuliko kutangaza bei ya giga moja redioni.

*Kwa ufupi:* agizo la bei ya rejareja hudumu mpaka gharama ibadilike. Kanuni ya bei ya jumla huendelea kufanya kazi kila siku bila agizo jipya.

Laini tatu kwenye mfuko mmoja

Mtu wa Beni anatembea na laini mbili au tatu. Moja kwa ajili ya mega, moja kwa kuwa ndugu zake wako kwenye mtandao huo, moja kwa sababu wateja wake wanatuma pesa kwa M-Pesa au Airtel Money. Ukimwambia kampuni nyingine imeshusha bei, atanunua forfe yake leo, lakini laini ya zamani haitupi. Namba yake iko kwenye daftari la kila mteja.

Hiki ni kizuizi cha ushindani, na kuna kanuni zinazokipunguza:

- *Kuhama na namba.* Unabadilisha kampuni na namba inabaki yako. Kenya ilianza 2011, Tanzania 2017.
- *Kutumiana pesa kati ya mitandao kwa gharama ndogo.* Pesa iliyofungiwa kwenye mtandao mmoja humfungia na mwenyewe.
- *Mega zisizopotea ovyo.* Afrika Kusini kanuni za 2019 ziliwataka waendeshaji wamruhusu mteja kusogeza mbele mega alizobakiza. Kenya mwaka huohuo Safaricom ilianza kuuza mega zisizo na tarehe ya kuisha, baada ya mteja kwenda kulalamika rasmi.
- *Bei inayolinganishika.* Forfe moja ni ya saa 24, nyingine ni ya usiku tu, ya tatu ni ya WhatsApp peke yake, ya nne ina zawadi. Mdhibiti anaweza kudai kila tangazo lionyeshe pia bei ya mega moja, ili mteja alinganishe bila kikokotoo.

Forfe ya WhatsApp au Facebook peke yake inastahili neno lake. Ni rahisi, na kwa wengi ndiyo intaneti yote wanayoijua. Lakini kijana wa Butembo akibuni programu yake ya kuuzia kahawa, haitakuwemo ndani ya forfe hiyo. Mteja atapaswa kulipa mega za bei kamili ili kuifungua, ilhali kwa kampuni za ng'ambo analipa kidogo.

Mshindani anayetoka angani

Machi 2024 ARPTC ilionya kwamba Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, haikuwa na leseni nchini na matumizi yake yalikuwa haramu. Wakuu wa jeshi walikuwa wameeleza hofu kwamba makundi ya waasi yangeitumia. Tarehe 2 Mei 2025 ARPTC ilitangaza kuipa leseni. Katikati ya tarehe hizo mbili, Goma ilikuwa imeangukia mikononi mwa waasi wa M23, na sehemu za Lubero zilikuwa vitani.

Setilaiti haihitaji mkongo wa Kasindi wala mnara wa Eringeti. Kwa chuo, hospitali, redio au duka kubwa, ni mshindani wa kweli. Kwa mwenye simu ya mkononi na faranga 1,000, bado si mshindani wa moja kwa moja, kwa sababu anahitaji sahani, umeme na malipo ya kila mwezi. Faida yake kwa huyo huja kwa mzunguko: kampuni ya simu ikijua kwamba wateja wake wakubwa wana pa kwenda, itafikiri upya bei yake ya jumla na ubora wake.

Jirani wa ng'ambo ya Kasindi

Mara nyingi tunailinganisha bei yetu na ya Uganda. Ulinganisho ni mzuri ukifanywa kamili. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya mega. Nako Serikali imo ndani ya bei.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwishoni mwa 2014, Kenya, Rwanda na Uganda zilianza kupunguza gharama za simu za kuvuka mpaka kati yao. Kwa Butembo na Beni, ambazo biashara yao inapita Kasindi, kanuni za pamoja za mkongo na za simu za mpakani zina uzito zaidi kuliko kwa mji mwingine wowote unaotazama magharibi.

Muhtasari wa sura

1. Bei ya mega ina matabaka manne: njia ya jumla, mnara, kodi na ada, kisha faida ya kampuni.
2. Ushindani wa kampuni tatu hufanya kazi kwenye tabaka la mwisho tu, kama yale mengine yamefungwa.
3. Kuamuru bei ya rejareja huleta nafuu ya muda au kelele. Kufungua bei ya jumla huchukua muda, lakini hudumu.
4. Kanuni ndogo ndogo za namba, muda wa mega na uwazi wa bei humpa mteja nguvu ya kuhama.

Siku nyingine mbunge wako, waziri au mkuu wa kampuni akitangaza kwamba bei itashuka, muulize maswali matatu. Ni tabaka gani kati ya yale manne limepungua? Nani mwingine ameruhusiwa kupita njia ya Kasindi, na kwa bei gani? Na nikihama kesho, nitahama na namba yangu? Akiyajibu yote matatu kwa tarehe na tarakimu, una sababu ya kumsadiki. Akijibu kwa forfe mpya ya mwisho wa wiki, jua kwamba gharama haijashuka, na hesabu itarudi kwako Jumatatu.